Nesi kanibofya Mwafrika, mamangu alikuwa Mhindi: moyo wangu uhesabiwe upande gani?

Asalaam aleikum Bi Mshauri, na shikamoo. Nimesoma sana majibu yako kwa wenzangu, leo zamu yangu imefika na naomba usitaje jina manake Waswahili wa mji huu tunajuana wote.

Mie ni mama wa miaka 47, nimezaliwa Mombasa, sasa naishi Leicester huku Uingereza na mume wangu na watoto wetu watatu. Nafanya kazi nyumba ya wazee, kutwa niko kwa miguu, sigara situmii, presha iko sawa, sukari sina, mimba ya pili tu ndo presha ilipanda sana wakanizalisha kabla ya miezi kutimia lakini baada ya hapo ikashuka na ikapita. Kwa hivo sijioni mgonjwa na hakuna anayeniona mgonjwa.

Babangu ni Mdigo wa Likoni, yuko hai, mpaka leo anakwenda msikitini kwa miguu yake. Mamangu alikuwa Mhindi, kwao asili ni Kutch kule India lakini kazaliwa Mombasa. Alipoolewa na babangu mwaka 1976 kwao walimkata kabisa, hakuna aliyekuja harusini, hakuna aliyekuja tulipozaliwa. Sisi tumekua tunajua tuna wajomba na khaloo kwa majina tu.

Sasa huku ukishapita 40 unaitwa kliniki kila baada ya miaka 5 kuangaliwa moyo hata kama huumwi. Nikaenda. Nesi akanipima presha, kolestro, uzito, akawa ananiuliza maswali huku anabofya kompyuta na mie nimekaa upande naiona skrini. Kufika pa kabila ikashuka orodha, akaniangalia usoni mara moja, akabofya Mwafrika mweusi. Hakuniuliza, na mie nikanyamaza. Akauliza kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 60, nikasema sijui, akabofya hapana. Ikatoka asilimia 1 na kidogo, akatabasamu akasema uko vizuri sana, tuonane miaka 5 ijayo.

Usiku nikakifungua kile kikokotoo cha hatari ya moyo kwenye simu, kinaitwa QRISK3, kiko wazi kwa mtu yeyote. Nikaweka nambari zangu zile zile ila pa kabila nikaweka Mhindi, ikawa karibu mara mbili. Nikaweka na ugonjwa wa moyo kwenye familia, ikapita 3. Mwili ni huo huo, damu ni ile ile waliyonitoa asubuhi! Sasa ipi ni yangu? Nimekaa na hiyo simu mkononi mpaka alfajiri.

Manake kuna hili la mama. Alifariki akiwa na miaka 56, nyumbani, na mie nilikuwa huku. Kakangu anasema mchana alikuwa jikoni anachoma mahamri, akalalamika mgongo na taya, akatapika, wakasema ni gesi wakampa maji ya ndimu akalale. Magharibi hakuamka. Watu wakasema ni kazi ya Mungu na kweli ni kazi ya Mungu, hakuna aliyeuliza zaidi.

Lakini siku ile ya mazishi dadake mkubwa mama, khaloo wangu, alipiga simu. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti yake. Alilia sana, akasema "hata huyu naye," akakata. Maneno hayo sijayasahau. Hata huyu naye, yaani kuna wengine?

Huyu khaloo anaishi mji huu huu. Alikuwa ameolewa Kampala, Idi Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972 wakaja huku. Sasa ni bibi wa zaidi ya miaka 70. Namuona Evington Road dukani, anajua mie ni nani, anageuza uso. Nikitaka kujua kwao watu wanakufa na nini, ni yeye tu amebaki. Na mie moyo wangu unakataa. Watu waliomkana mamangu kwa ajili ya rangi ya babangu, leo nikawaombe historia ya damu yao? Nitakuwa nimemsaliti mama au babangu?

Mume wangu anasema mwanamke wewe mzima, ukitafuta ugonjwa utaupata, watakuanzishia vidonge bure. Binti yangu wa miaka 22 ananiambia mama tunataka kujua, ni damu yetu pia. Nimeshindwa kuamua. Nisaidie mama.

Mwana wa kati na kati, Leicester

JIBU

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba sana. Pole na mama, Mungu amrehemu. Najua ni miaka sasa lakini barua yako inaonyesha hujawahi kupata nafasi ya kuuliza alikufa na nini, na ukiwa mbali msiba unabaki hivo hivo haujafungwa.

Naona umeniletea mambo matatu yamefungwa fundo moja. Kuna nambari ya kliniki, kuna kifo cha mama, na kuna khaloo. Yote yamekuja usiku mmoja ukaona ukishajua kabila lako ni lipi kwenye ile orodha basi yote yatanyooka. Hapo ndo nataka tuanze polepole.

Ile nambari haisemi habari zako wewe peke yako. Inasema tukichukua wanawake 100 waliojibu kama ulivyojibu wewe, ndani ya miaka 10 wangapi watapata shambulio la moyo au kiharusi. Kwa hivo tofauti iliyokukesha usiku ni ya mmoja kwenye 100 na watatu kwenye 100. Zote ziko chini. Huko kwenu daktari kwa kawaida huanza kuzungumzia vidonge vya kolestro, statini, ikifika asilimia 10, na chini ya hapo si marufuku ila ni kwa makubaliano yenu wawili. Sasa mume wako anayeogopa uanzishiwe vidonge kesho, mwambie kwa nambari hizi hakuna anayekufuata na kopo la dawa.

Nesi kutokukuuliza, hapo hakufanya vizuri na una haki ya kurudi ukasema. Kabila husemwa na mwenyewe, halisomwi usoni. Lakini nikuulize, angekuuliza ungejibu nini? Orodha ya kile kikokotoo ina mistari 9 na hakuna mstari wa mtu aliyechanganya. Mtu kama wewe huangukia "kundi lingine". Kwa hivo wewe unatafuta ukweli kati ya mistari miwili na hakuna hata mmoja uliowekwa kwa ajili yako.

Na kwa nini makabila yakawekwa? Kwa sababu zamani hayakuwekwa na watu waliumia. Utafiti mmoja mkubwa wa mwanzo wa moyo ulianza mwaka 1948 mji wa Framingham kule Marekani, na watu wake karibu wote walikuwa wazungu, halafu hesabu zilizotokana na pale zikatumiwa kwa dunia nzima. Uingereza wakaona haziendani. Watu wenye asili ya India, Pakistan na Bangladesh walikuwa wanapata shambulio la moyo na sukari mapema kuliko ilivyotabiriwa, na weusi walikuwa na shambulio la moyo kidogo lakini presha na kiharusi zaidi. Ndo maana ulipobofya Mhindi ikapanda. Lakini uone jambo moja hapa mwanangu, kule kubofywa Mwafrika si zawadi. Inashusha nambari, ila njia ya kiharusi haijafungwa, na kiharusi kwa wanawake wetu mwanzo wake ni presha. Babako kutembea mpaka msikitini ni neema, si cheti chako wewe.

Halafu Wamarekani mwaka 2023 wakatoa kikokotoo kipya, PREVENT, na rangi wakaitoa kabisa, wakasema rangi ni jambo la jamii si la mwili, mtu mweusi anaumwa kwa sababu ya anavyoishi na anavyotendewa. Kwa hivo hata wakubwa wa fani hawajakubaliana, mmoja anaweka mwenzake anatoa, na wewe ulitaka kulimaliza usiku mmoja kwenye simu. Mie nisichokiamini ni kwamba Udigo au Ukutch wenyewe unaziba mishipa. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa nchi 52, INTERHEART, wakakuta mambo 9 tu, sigara, mafuta ya damu, presha, sukari, kitambi, msongo, matunda na mboga, mazoezi na pombe, ndiyo yanaeleza sehemu kubwa kabisa ya mashambulio ya kwanza ya moyo, wanaume kwa wanawake, kila pembe ya dunia. Makabila yanatofautiana nani amebebeshwa kiasi gani cha haya mambo, na mapema kiasi gani.

Kuna pahali wazazi wako wawili wanakubaliana kabisa. Huko Uingereza kipimo cha uzito kwa urefu, ile BMI, mzungu huambiwa amezidi akifika 25, lakini mwenye asili ya Asia Kusini na mwenye asili ya Afrika wote wawili huanzia 23. Upande wowote utakaobofya, kwako ni 23. Na kipimo rahisi zaidi chukua uzi, pima kiuno, kisizidi nusu ya urefu wako. Hapo hakuna wa kukuuliza baba nani mama nani. Kuna pia chembe ya mafuta ya damu inaitwa lipoprotini a, hiyo mtu huzaliwa nayo na chakula hakiibadilishi sana, na watu wa asili ya Afrika ndo huwa nayo juu zaidi, kisha wa Asia Kusini. Si kipimo cha kila mtu, kinaweza kukataliwa, lakini kuuliza ni bure, hasa ukiwa na habari za familia mkononi.

Sasa nije kwa jambo ulilolipitia mbio mbio. Umesema mimba ya pili presha ilipanda wakakuzalisha mapema, "ikapita". Mwanangu, kwenye barua yako yote mie hapo ndo niliposimama. Ikiwa ilikuwa ile presha ya mimba inayoelekea kifafa cha mimba, mwanamke aliyeipitia hatari yake ya moyo na kiharusi baadaye huwa karibu mara mbili ya mwenzake. Presha inashuka ukishajifungua lakini mishipa imeshaonyesha inavyofanya ikielemewa. Na QRISK3 haiulizi! Inauliza kipandauso, inauliza figo, mimba haiulizi. Kwa hivo umekesha na swali la kabila linalobadilisha mmoja kuwa wawili, na kumbe kuna jambo limetokea kwa mwili wako mwenyewe, limeandikwa kwenye faili la hospitali uliyozalia, na halimo kwenye hesabu yoyote kati ya zile tatu ulizofanya. Tena hilo halihitaji ruhusa ya khaloo.

Na umri wako ni 47. Kule Marekani kuna utafiti unaitwa SWAN, ulianza katikati ya miaka ya 1990, wakafuata wanawake zaidi ya 3,300 wa umri wa miaka 42 mpaka 52, weusi, weupe, Wachina, Wajapani na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wote wakielekea kukoma hedhi. Kolestro mbaya ilipanda kwa kasi mwaka ule ule hedhi inapokoma, na ilipanda kwa makundi yote. Nesi kakwambia miaka 5. Kwa umri wako hiyo miaka 5 inaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo mwili unapobadilika. Kungoja si kosa, nambari yako ndogo inakuruhusu, ila ungoje ukijua unapita wapi.

Mama. Siwezi kukwambia alikufa na nini, sikuwepo na hakuna aliyempima. Lakini mgongo, taya, kutapika, hizo ni dalili ambazo wanawake wengi hupata moyo unaposhikwa, na majumbani kwetu huitwa gesi kila siku. Nisingependa kakako asome hapa akajiona amemuua mama kwa maji ya ndimu, asijione hivo, hata hospitali wanawake wamerudishwa nyumbani wakiambiwa ni tumbo. Nakueleza kwa sababu ile fomu inauliza ugonjwa wa moyo wa mzazi kabla ya miaka 60, haiulizi kiharusi. "Sijui" yako ilibofywa "hapana" na hayo si maneno mamoja. Kakako anaweza kuangalia cheti cha kifo, sababu huandikwa, ingawa kifo cha nyumbani huandikishwa kwa naibu chifu na sababu inakuwa yale waliyosema jamaa, kwa hivo usitegemee sana karatasi ile.

Basi tunabaki na khaloo, na hapa ndo pagumu.

Umeandika itakuwa ni usaliti. Nauliza kwa upole, usaliti wa nani? Mamako alizikwa na damu ya Kutch mwilini, walipomkata hawakumtoa hiyo. Kuuliza nduguze walikufa na nini si kuwaomba wakukubali. Na yule bibi, ni kweli anageuza uso, hilo linauma na sitakwambia usahau. Ila umesema alilia sana. Mie sijui anageuza uso kwa dharau au kwa haya, na wewe pia hujui. Aliyedharau tu, mbona alipiga simu siku ile?

Njia zipo zaidi ya moja. Unaweza kumwendea mwenyewe, na hatari yake ni akufungie mlango mbele ya mwanao, jeraha la mama lifunguke kwako upya, au akueleze mengi kuliko ulivyotaka kusikia. Unaweza kupitia kwa watoto wake, binamu zako, nao wana umri kama wako na nina hakika wao pia wamepimwa kliniki hizo hizo, pengine mmoja wao anameza vidonge sasa hivi. Hiyo ni laini zaidi, ila maneno yakipita mikononi mwa watu hubadilika, na khaloo anaweza kuona mmemzunguka. Unaweza kumwandikia barua au kumtumia sauti kwa WhatsApp, mtu mzima akasikiliza peke yake bila macho ya watu, na akinyamaza basi umejibiwa kwa kimya, si kwa kufungiwa mlango. Na unaweza pia kuacha. Ukiacha, bado una la kufanya, rudi kliniki useme mie nimechanganya, mama kafa ghafla na miaka 56 na dalili zake zilikuwa hizi, na mimba yangu ya pili ilikuwa hivi. Daktari mwenye akili ataipa uzito hata bila khaloo. Hatari ya hiyo njia ni kwamba lile "hata huyu naye" litabaki nawe, na bibi wa miaka 70 na kitu hatakungoja milele.

Ukiamua kumwandikia, mie ningeacha mambo ya harusi ya 1976 yakae kwanza. Sema wewe ni binti wa dadake, sema siku ya mazishi ulisikia akilia na umemshukuru moyoni, kisha uliza jambo moja tu, kwenye nyumba yao nani alifariki ghafla, akiwa na miaka mingapi, ilikuwa moyo, kiharusi au sukari. Asitakiwe kuomba radhi wala kujieleza. Kama kuna deni la zamani, na mie naona lipo, utaamua mwenyewe siku nyingine ulidai au usilidai.

Mume wako usimpuuze. Nyuma ya "utaupata" kuna mtu anaogopa kukupoteza. Na ana hoja, mtu mzima akishaanza kujipima kila wiki anaweza kuishi kama mgonjwa, na mambo ya familia yakishaandikwa kwenye faili, kampuni za bima ya maisha huko huuliza. Myazungumze hayo mapema, na akafanye kipimo chake pia kama amepita 40. Binti yako naye ana haki ya kujua, lakini amri ya kumgongea khaloo mlango ni yako, si yake. Mweleze hilo la mimba, manake siku akibeba mimba mkunga atamuuliza kama mamake aliwahi kupata, na hapo jibu lako wewe litamsaidia kweli.

Na ikitokea siku yoyote kifua kikabana, au taya na mgongo na kichefuchefu vikaja pamoja na jasho au pumzi fupi, piga 999 hapo hapo, mtu asikuletee ndimu.

Niandikie tena ukitaka, hata kama ni kuniambia khaloo hakujibu.